Trimbak Athalye na Vikaratasi vya Mzizi Dhā

Marehemu Trimbak Vaman Athalye alizaliwa katika mji wa Wai tarehe 9 Juni 1946, kitinda mimba wa watoto watano. Lugha ya kale ya Kisanskriti alianza kufundishwa na mjomba wake akiwa na miaka saba, alfajiri, kabla hajanywa maziwa. Baadaye alikuja hapa Pune, akapata shahada mwaka 1967.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika ofisi ya kamusi hapa mjini, akakabidhiwa mzizi dhā, kitenzi cha kuweka. Mtu angedhani ni kazi ya wiki moja. Lakini kitenzi hicho kikitanguliwa na silabi hii kinakuwa kufunika, na ile, kuunganisha, au kutaja jina. Kikiambatana na neno la kale la moyo, kinakuwa kuamini. Kila matumizi aliyoyakuta vitabuni aliyanakili kwenye kikaratasi chake, pamoja na sentensi nzima ya kuyathibitisha. Maana isiyo na sentensi aliikataa, hata ikiletwa na mkuu wake. Kwa karatasi alikuwa bahili: aliandika nyuma ya kadi za harusi na tiketi za basi.

Mwaka 1974 alimwoa Kusum, aliyekiita kitenzi hicho mke mwenza. "Afadhali huyu," aliwaambia majirani, "hadai sari." Marehemu alistaafu 2006, akaruhusiwa kumalizia kazi nyumbani. Kusum alimtangulia mwaka 2011.

Oktoba 2018 alilazwa kwa upasuaji wa nyongo. Ninayosoma sasa hayamo kwenye karatasi mlizonazo. Kaka yangu Shridhar amenisihi niyaache, nami siwezi.

Zilikuwa siku za kusafisha nyumba kabla ya Diwali, sikukuu ya taa. Mimi Vaidehi, binti yake, nilikuta chini ya kitanda masanduku matatu ya kadi kuukuu na tiketi. Sikugeuza hata moja. Nilimwita mnunuzi wa karatasi chakavu, akapima, akaenda zake. Baba aliporudi akauliza vikaratasi vyake viko wapi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, nikaogopa, nikamwambia, "Baba, si ulivirudisha ofisini?"

"Basi nimesahau, mwanangu," akasema.

Ofisini hawakuviona. Akaamini akili zimemwisha. Daktari hakuona kasoro yoyote, lakini yeye hakusadiki. Akaandika barua ya kuacha kamusi, kwamba mtu aliyepoteza kazi ya zaidi ya miaka arobaini bila kujua vipi haaminiki tena hata kwa neno moja. Posta nilimsindikiza mimi mwenyewe. Tangu hapo, wageni wakizungumzia Kisanskriti alinyamaza, akichelea kukosea mbele yao, yeye ambaye wengi wenu hapa mlisomeshwa naye. Nami nilinyamaza. Kila siku nilisema kesho nitamwambia.

Tarehe 1 Novemba 2021 moyo wake ulisimama, akiwa na miaka sabini na mitano. Leo ni siku ya kumi na tatu, tunapohitimisha matanga, na kesho yangu haikufika.

Ameacha watoto wawili, Shridhar na Vaidehi, na wajukuu watatu. Wenzake wa ofisini mlioipokea barua ile, nawaomba muichane. Baba yangu hakusahau kitu. Akili zake zilikuwa timamu hadi pumzi ya mwisho, na mimi nilimwacha afe akizilaumu.

Mungu ampe pumziko nililomnyima.