Sindano Aliyoiacha Sofa

Benchi letu liko mbele ya karakana ya kutengeneza masofa, na lenyewe ni sofa la watu watatu ambalo mteja alilikataa kwa sababu ya rangi. Lina rangi ya ini. Wanalikalia wanne kwa kubanana, na mimi nipo pembeni kwenye kigoda changu, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe kwenye ndoo. Mwenye karakana tunamwita Sofa, mwanamume wa miaka arobaini na moja. Kulia kwake hukaa Mita, mstaafu aliyesoma mita za maji za watu miaka thelathini. Kushoto hukaa Mkasi, kinyozi wa mlango wa pili. Kwenye mkono wa kiti huning'inia Redio, dereva ambaye lori lake liko gereji tangu mvua zilizopita, ila mdomo wake haujawahi kulazwa gereji hata siku moja. Mimi ndiye ninayewauzia kahawa. Kazi yangu ni kumimina na kunyamaza, na hiyo ya pili ndiyo inayonichosha.

Siku ninayoisema ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, na wote walikuwa wanasubiri majibu ya damu ya Sofa.

Habari yenyewe ni hii. Miaka miwili na nusu nyuma Sofa alikuwa anachoka mpaka anasinzia juu ya kiti anachokishona. Hospitali wakampima, wakasema homoni ya kiume iko chini, wakamwanzishia sindano, moja kila wiki mbili. Kweli mtu akanyanyuka. Akawa anabeba fremu ya sofa peke yake, na mwaka uliofuata akaoa. Sasa mkewe anataka mtoto, naye anamtaka, na mtoto haji. Wakarudi hospitali, wakakutana na daktari mwingine, mama mmoja mwenye miwani. Huyo akawaeleza kwamba sindano zinampa nguvu lakini zimezilaza korodani zake, na mbegu hazionekani kabisa. Aziache, awe anakuja kupimwa, asubiri. Huenda mwili ukaamka wenyewe, huenda ukahitaji kusaidiwa, na haraka haitakuwepo.

Miezi mitano sasa anasubiri. Kipimo cha mwezi wa pili tangu aache kilikuwa karibu na sakafu. Sofa amekuwa kama godoro lililonyeshewa. Na kwenye droo ya nyuzi amebakiza chupa moja ya ile dawa. Sote tunajua ipo pale, na yeye anaijua kuliko sisi.

— Mke wangu ameenda kuchukua majibu akitoka kazini, mimi miguu imekataa kwenda, Sofa akasema. Kikombe chake hajakigusa.

— Tulia, bwana, akasema Mita. Jambo lako mimi nililielewa siku ya kwanza. Mwili ni tangi lenye boya. Tangi likijaa, boya linapanda, linafunga bomba. Wewe umemwaga maji kwa ndoo miaka miwili. Boya liko juu, bomba limefungwa. Sasa umeacha ndoo, maji yanashuka, boya nalo litashuka.

— Hata daktari alisema karibu hivyo, akasema Sofa. Ubongo ndio unaotoa amri. Ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuamrisha.

— Umesikia! Ila daktari hakukwambia habari ya kutu.

— Kutu ipi tena?

— Boya likikaa juu miaka miwili linaganda. Lazima ligongwe. Hapa kiunoni, kwa bapa la mkono, asubuhi na jioni.

Nilikuwa nimemwona Sofa nyuma ya mlango wa karakana akijigonga kiuno kama mtu anayekung'uta zulia. Kumbe ndiyo dawa.

Mkasi akacheka puani.

— Mzee Mita, wewe ukiona hata chafya unatafuta bomba. Nikuulize: homoni ya kiume inakaa wapi?

— Wapi?

— Kwenye ndevu. Mtoto hana, mwanamke hana. Kila mtu akinyoa, anaitupa kwenye pipa langu la taka. Ndiyo maana Sofa nimemkataza wembe wiki ya sita hii.

— Kinyozi anayefukuza wateja, nikasema. Duka litakufa kabla mgonjwa hajapona.

— Mimi natanguliza utu, Bibi.

— Na mimi uso unaniwasha, akasema Sofa. Mke wangu anasema nimekuwa kama brashi ya kusugulia sufuria.

— Nyote hamjui kitu, Redio akadakia. Alikuwa ameshikilia maneno muda mrefu mpaka shingo imevimba. Tazameni kazi ya Sofa, akaendelea. Mchana kutwa anakaa kwenye sponji, usiku analala kwenye sponji. Kule chini kukiwekwa pahali laini kunadhani bado ni usiku! Kutaamkaje? Mimi miaka ishirini kiti cha lori kimetoboka, waya umetokeza, na nina watoto saba.

— Saba unaowajua, akasema Mkasi.

— Na kuna jingine kubwa zaidi. Homoni zinasikia.

— Zinasikia nini, kaka?

— Maneno. Huyu kila siku analalamika mbele yao. Zitatoka vipi? Nimemshauri kila akiamka azipigie honi.

— Azipigie nini?

— Honi. Kwa mdomo. Mbili fupi, moja ndefu.

Sofa akainamisha kichwa, na masikio yakamwiva. Nikajua tayari ameshapiga.

Sasa niwaambie lililofichika. Hawa watu watatu, kila mmoja kwa siku yake, alinijia kabla wenzake hawajafika. Mita alileta unga wa mzizi uliofungwa kwenye gazeti. Mkasi alileta mbegu za maboga alizozisaga mwenyewe, ndani ya kikopo cha mafuta ya nywele. Redio alileta chupa ya maji ya magome, amepewa na mtu anayemwamini, na mtu huyo mwenyewe hajui yalitoka wapi. Wote walisema maneno yale yale: "Bibi, mtilie Sofa kidogo kwenye kahawa, na usimwambie mtu." Nikapokea. Ningewakatalia, wangetafuta njia nyingine ya kumtilia.

Sofa akainuka. Akaingia karakana, tukasikia droo ikivutwa.

Akatokea mlangoni na chupa mkononi.

— Bibi, nina viti kumi na viwili vya kumaliza. Jana nimekata kitambaa cha kiti kimoja, nikalala juu yake. Nikichoma hii leo, wiki ijayo nimerudi mtu.

— Choma, nikasema.

— Eh?

— Choma, mwanangu, nani amekushika mkono? Viti utavimaliza vyote kumi na viwili. Halafu miezi mitano hii uianze upya, na umri nao haukusubiri. Mkeo naye utamwambia mwenyewe, mimi usinitume.

Alikuwa anaizungusha ile chupa kwenye vidole vyake vya kushonea, na mimi nilikuwa natazama kifuniko.

Ndipo mkewe alipotokea kwenye kona. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, akitoka kule hata nyusi zina unga. Alikuwa anatembea haraka, bahasha ameibana kwapani.

— Shikamoo, Bibi. Shemeji zangu, hamjambo?

— Hatujambo, shemeji! Sema!

Hakukaa. Akamtazama mumewe, akaitazama ile chupa, akaifungua bahasha.

— Mwezi wa pili homoni ilikuwa mbili. Leo ni kumi na moja. Kabla hujaanza sindano zile ilikuwa nane, nimeuliza. Na mbegu zimeonekana. Chache, daktari anasema ni chache sana, lakini zipo.

Sofa akakaa chini hapo hapo kizingitini. Benchi likalipuka.

— Boya! akapiga kelele Mita. Si nilisema ligongwe?

— Ndevu hizo! akasema Mkasi.

Redio alikwisha simama, anapiga honi barabarani, mbili fupi moja ndefu, mpaka mpita njia akaruka pembeni.

— Ngojeni, akasema yule mwanamke. Ngojeni, shemeji. Daktari ameniuliza swali moja, na mimi sikuwa na jibu. Anasema imepanda vizuri kuliko alivyotegemea. Anataka kujua kama hii ni nguvu ya mwili wake mwenyewe au kuna kitu anatumia. Kama kuna kitu, namba hizi haziaminiki, kazi yote tunaianza upya.

— Mimi sijatumia, akasema Sofa, akamwonyesha chupa. Tazama kifuniko, hakijatobolewa. Nilitaka, sikufichi. Dakika hii hii nilitaka.

Mkewe akaigeuza chupa juu chini mkononi mwa mumewe, akaipitishia ukucha shingoni, akaridhika.

— Basi nyinyi. Mnakaa naye kutwa. Kuna mtu amempa mume wangu kitu chochote?

Mita akaanza kutazama chini kama anatafuta mita yake ya zamani. Mkasi alikuwa anakwangua doa kwenye lile sofa, doa ambalo lipo tangu mwaka juzi. Na Redio, jamani, nimemjua miaka tisa, sikuwahi kumsikia amenyamaza. Alikuwa anatoka jasho.

Mwanamke akawatazama mmoja mmoja, na furaha ikaanza kumtoka usoni.

— Mmenipa nini? Sofa akauliza taratibu.

Niliwaacha. Nilimimina kahawa iliyobaki, vikombe vitatu, nikawapa wao watatu, wakapokea kama watu wanaokunywa sumu. Walipofika nusu, nikaingiza mkono chini ya kigoda changu, nikatoa kopo langu la biskuti, nikalifungua mbele ya yule mwanamke. Gazeti limefungwa vile vile na uzi wake. Kikopo cha mafuta ya nywele, kimejaa. Chupa ya magome, kizibo chake hakijaguswa.

— Kila mtu atambue chake, nikasema.

Wakakodoa macho. Mwishowe Redio ndiye aliyepata sauti.

— Bibi, sasa muda wote huo alikuwa anakunywa nini?

— Kahawa.

— Kahawa tu?

— Na sukari, kijiko kimoja na nusu. Alikuja kunywa kahawa, nikampa kahawa.

Yule mwanamke akaanza kucheka, akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. Akaomba kalamu kwa Mita, akaandika nyuma ya bahasha: *Hakuna. Ni yake mwenyewe.* Akapiga mstari chini yake. Kisha akanyoosha kiganja, na Sofa akamkabidhi ile chupa ya droo.

— Miezi miwili tena tunarudi kupima, akamwambia. Utaweza?

— Nitaweza. Viti vitangoja. Akajikuna kidevu. Mkasi, kalete wembe.

Mkasi akakimbilia dukani kwake. Nikatikisa birika, halina kitu, nikalimwagia jiko maji. Redio akasogeza kiti kimoja kwenye mwanga, akamketisha Sofa, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

— Taratibu na wembe huo, akamwambia Mkasi. Usije ukazitupa zote.