Shangazi wa Pampu Mbili

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, fundi mkuu wa maji wa nyumba yetu ya maonyesho ya samaki anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili, lakini kwetu sote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, yeye ni Shangazi. Kama kuna mtu aliyekula chumvi nyingi kwa maana zote mbili, ni yeye: ya umri, na ile iliyomgandia mikononi na viatuni kila siku ya kazi.

Alianza kama msafisha vioo. Wakati huo ukumbi wa matumbawe ulikuwa chumba kimoja chenye tangi lisilozidi urefu wa meza ya kulia. Yeye ndiye aliyebandika juu ya mawe vipande vya kwanza vya matumbawe hai, vidogo kama kidole gumba, akavilea mpaka vikawa vichaka. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akilalamika kwa utani kwamba amepata mshindani asiyesema neno.

Matumbawe hayaishi kwenye maji yaliyosimama. Maji hushuka kwenye tangi la chini, huchujwa, kisha pampu huyarudisha juu. Mchana mmoja pampu yetu ya zamani iliungua, na ya akiba haikuwepo. Tulijipanga kwenye ngazi tukapokezana ndoo mpaka viganja vikatoka malengelenge, lakini kufikia kesho yake karibu nusu ya matumbawe yalikuwa yamepauka. Shangazi aliyatoa yaliyokufa moja moja, wala hakukubali kusaidiwa.

Ndiyo maana ujenzi wa ukumbi mpya ulipoanza, na yeye na mhandisi wetu wakapewa kazi ya kuchagua pampu ya kurudisha maji, hakulala usingizi wa raha. Safari hii tangi lingekaa ghorofa ya pili na machujio chini kabisa. Wote wawili walikubaliana haraka: iletwe pampu kubwa kuliko zote, ijaribiwe. Ilipowashwa, mchanga ulitimka kama vumbi la barabarani, samaki wakajibana mapangoni, na mngurumo ukafika mpaka mezani kwa mhasibu. Shangazi aliitazama kidogo, akaizima.

"Hii nimeitaka mimi kwa sababu bado naogopa," alisema. "Irudishwe."

Wakaanza upya. Mhandisi akakokotoa nguvu inayopotea maji yakipanda na kila bomba linapokata kona, maana kiasi kinachoandikwa kwenye boksi la pampu ni cha maji yasiyopandishwa popote. Shangazi akasimama juu na ndoo na saa, akipima kinachofika kweli. Wakapunguza kona. Wakazima umeme kwa makusudi waone kama maji yakirudi yatafurisha tangi la chini. Yakafurika, na fundi bomba akalowa hadi soksi. Akatoboa tundu dogo kwenye bomba, karibu na uso wa maji wa tangi la juu, ili hewa iingie na kukata mfyonzo unaoyavuta maji kurudi chini. Walipozima tena, sakafu ilibaki kavu.

Ubishi uliobaki ulikuwa mmoja. Mhandisi alitaka pampu moja ya wastani, kwani mbili zina mengi ya kuharibika.

"Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa," Shangazi alimwambia.

"Sawa, Shangazi. Lakini kila moja iwe na bomba lake na umeme wake, la sivyo zitaanguka pamoja."

Shangazi hakuwa amelifikiria hilo, na alikiri mbele yetu sote. Zikafungwa pampu mbili za wastani, tulivu, kila moja na njia yake.

Zilifanya kazi miaka mingi bila kusemwa, na hiyo ndiyo sifa ya pampu. Kisha asubuhi moja ya joto kali, ukumbi ukiwa umefurika wanafunzi, moja ikagoma. Maji yalipungua kasi, lakini hayakusimama. Wageni hawakujua lolote. Shangazi alishuka, akaifungua, akaikuta imezibwa na magamba ya konokono, akaisafisha na kuirudisha. Halafu akapanda ukumbini, akaketi kwenye benchi katikati ya watoto, akayatazama matumbawe yake yote yakiwa yamechanua na yenye rangi. Alifuta machozi kwa mkono wa koti la kazi. Hatukuwa tumewahi kumwona akilia, hata siku ile ya ndoo.

Leo vipande vilivyokatwa kwenye vichaka vya matumbawe hayo vimeota katika nyumba nyingine tatu za samaki, na mafundi wa huko walikuja kwanza kujifunza kwake. Wengi walifika wakiuliza pampu ipi ni kubwa. Wakaondoka wakiuliza maji yao yanapanda umbali gani.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha kwamba fundi anaweza kubadili mawazo na bado akabaki mkubwa. Mumeo ametuambia ameshakushonea gauni la kustaafia, halina hata mfuko mmoja wa kuwekea spana. Livae kwa afya na furaha, wajukuu wakuzunguke, na kila ukitukumbuka, ujue kwamba tunajivuna tukisema: huyu alikuwa wetu.