Chupa Mbili za Ngoy: Maisha ya Marehemu Kalenga Damien

Padri wetu, Mama Denise na watoto, ndugu mliotoka Mpala, Moba na Bendera, majirani wa Kataki, na wewe Mama Pélagie uliyeketi hapa mbele: mimi ni Gérard, mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, na mnivumilie, maana sehemu kubwa aliiandika yeye mwenyewe, akaniapisha nisiruke hata mstari mmoja.

Kalenga Damien alizaliwa Mpala tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa pili wa Papa Mwamba, mvuvi, na Mama Bertille, akaingia shule ya misheni mwaka 1945, akamaliza 1951, na walimu walisema akili anayo, ila benchi linamchoma. Mwaka 1954 alikuja hapa mjini, wakati huo bado Albertville, akasomea uuguzi miaka mitatu, na tarehe 1 Februari 1958 akaanza kazi kwenye labo, yaani maabara, ya hospitali moja ambayo familia imeomba nisiitaje.

Huko alikabidhiwa damu. Kazi yake ilikuwa kumlaza mtoa damu, kutafuta mshipa, kuipitisha damu kwenye mrija wa mpira mpaka ndani ya chupa ya kioo yenye dawa ya kuizuia isigande, huku akiitikisa polepole, kisha kupima kundi lake, kubandika etiketi yenye jina la mgonjwa atakayeipokea, na kuilaza katika frigo, jokofu la labo. Aka, ile frigo! Tarehe 12 Agosti 1961, siku aliyofunga ndoa na Mama Denise, alitoka kwenye karamu na suti yake kwenda kutazama kipimajoto, akarudi pombe imekwisha, na Mama Denise mpaka leo anasema alikuta bibi mkubwa amekwisha kuolewa, mweupe, mwenye mlango. Mungu aliwajalia watoto sita, watano wako hapa, na Lucie alitutangulia mwaka 1969 kwa surua.

Mnakumbuka mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya ubatizo, sote tukawa Citoyen fulani, yaani Raia fulani, tukachekana barabarani kwa majina mapya tuliyoyasahau kabla ya kufika nyumbani. Kwenye labo hakukuwa na kicheko, kwani etiketi zilitofautisha watu kwa jina la ubatizo, na akina Ngoy ni wangapi katika mji huu? Mkubwa wa labo alipita na kalamu nyekundu, akayafuta yote.

Tarehe 17 Aprili 1973 walikuwa wamelazwa Ngoy wawili, wote wakingoja kupasuliwa: Ngoy Casimir, mwalimu mwenye ngiri, damu yake A, na Ngoy Augustin, mfanyakazi wa bandari aliyepondwa mguu na kasha, damu yake O. Chupa mbili, zote zimeandikwa "Citoyen Ngoy", kundi chini kwa herufi ndogo, ya Casimir kushoto mwa frigo, ya Augustin kulia. Saa nane mchana radi ilikata umeme unaotoka Bendera, Damien akarukia baiskeli kwenda kwa wauza samaki, akaleta barafu, akazilaza chupa ndani ya sanduku, na umeme uliporudi akazirudisha katika frigo, lakini barafu iliyeyuka, maji yakafuta zile herufi ndogo, likabaki jina tu. Angeweza kupima upya, ni kazi ya dakika chache, lakini daktari alikuwa anaita, naye akaamini mkono wake unakumbuka. Mkono haukukumbuka.

Ngoy Augustin alipewa damu ya mwenzake, akatetemeka, akalia mgongo, mkojo ukawa mweusi, na tarehe 19 akafa. Damien alipima matone yaliyobaki chupani, akaona A. Wakubwa wa hospitali waliandika kwamba ni mguu uliomuua, na kaka yangu akanyamaza miaka kumi na minane.

Sasa mnaelewa kwa nini alikuwa hakai akatulia. Tangu siku ile aliandika kwenye kila etiketi jina la mama wa mgonjwa na kijiji chake, wenzake wakamcheka kwamba anatafuta mchumba, naye hakujali. Kila juma alikwenda kwa Mama Pélagie, mjane wa Augustin, akiwa na kuni au samaki, anabisha, anaamkia watoto, anautua mzigo, anaaga. Watu walisema anamtaka yule mjane, na Mama Denise alilia kwa hilo, bure kabisa.

Mwezi wa Agosti mwaka huu vidonda vya tumbo vilimfanya atapike damu, na alipoletewa chupa alimtaka Mama Célestine, muuguzi, aisome etiketi mara tatu, ndipo akatoa mkono. Alifariki tarehe 9 Novemba 1991, saa nne asubuhi.

Juzi ukoo ulikaa, wazee wakasema, "Mambo ya muntu amekufa, muache yalale naye." Mimi nilikasirika, siwafichi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na heri aumbuliwe na ndugu yake. Jana mimi na Mama Denise tulikwenda kwa Mama Pélagie, tukamweleza yote, akaendelea kuanika ndagala, samaki wake wadogo, mpaka beseni likaisha, ndipo akasema, "Musome. Nitakuja kusikia mbele ya watu wote. Jibu langu nitalitoa pale, ao sitalitoa."

Tunawashukuru madaktari, Mama Célestine na wenzake wa labo, majirani wa Kataki mliokesha nasi, na wote waliomtolea damu kaka yetu bila kumjua.

Lipo neno ambalo huambiwa kila marehemu mwisho wa historia yake, mnalijua. Damien hakuonja pumziko hilo la amani tangu mwaka 1973, nami si mwenye haki ya kumpa. Mama Pélagie, neno hilo ni lako. Ukilisema, tutaitikia. Usipolisema, tutamzika vilevile, na hakuna atakayekulaumu. Mimi nakaa.