Hori la Mama Dorotea

Waombolezaji wenzetu, mimi ni Modesta, binti mkubwa wa marehemu, ukoo umenipa kazi hii ya kusoma, nami naomba mnivumilie pale sauti itakapokatika.

Baba yetu, Mzee Obedi Machibya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Koromije, wilayani Misungwi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi alipohitimu darasa la saba mwaka 1973, kisha akaenda Mwanza mjini, akajifunza kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Ilemela, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1994 aliporudi kijijini. Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na mama yetu, Teodora, wakajaliwa watoto watano, mmoja akatutangulia.

Hapa kijijini wengi mlimjua kwa mahori yake: alipasua pipa kuukuu kwa urefu, akakunja kingo kwa nyundo zisikate ulimi wa ng'ombe, akatoboa tundu chini maji ya mvua yatoke, akaliweka juu ya miguu ya miti, na majani ambayo zamani yalikanyagwa na kuchanganyika na samadi yakaliwa yote. Alijivunia kazi hiyo, na alikuwa na haki.

Katika historia za marehemu huwa tunasoma mazuri tu. Yeye, sauti ilipomwisha, aliandika kwenye daftari kwamba ya Mama Dorotea tusiyaruke, kwa hiyo nayasoma, na mwenyewe yupo hapa, amekaa na mama. Tarehe 9 Agosti 2011 baba alimtengenezea Mama Dorotea, jirani yetu mjane, hori la pipa lililowahi kuwekewa dawa ya kuogeshea ng'ombe, akalisugua kwa mchanga, akanusa, akaona limetakata; siku ya tatu ng'ombe wote wawili wa yule mama, waliokuwa wakiwalea watoto wake, walikufa. Baba alikuwa na ng'ombe watatu, akampelekea wawili siku hiyo hiyo, naye akapokea, akamwambia yamekwisha. Kwa baba hayakwisha. Tangu hapo kila hori jipya lililishiwa kwanza ng'ombe wake aliyebaki, siku saba nzima, wateja wakimtania kwamba fundi ameajiri mkaguzi, na kwa zaidi ya miaka kumi na tatu hakupokea hata maji ya kunywa kwa Mama Dorotea. Sisi tulidhani ni ukaidi, kumbe ilikuwa aibu.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo, akatibiwa Mwanza mjini, na Mei 2025 tukamrudisha nyumbani, hawezi kumeza chochote ila maziwa. Mama Dorotea aliyaleta kila asubuhi, baba akageukia ukutani, mama akawapa wajukuu na kumnunulia baba mengine. Jumanne tarehe 10 Juni Mama Dorotea hakumkabidhi mama kikombe, aliketi kitandani, akakishika mwenyewe, akasubiri. Baba alikunywa, akalia, akanywa tena, na saa nne akakata roho.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochimba kaburi, mafundi wenzake mliotoka Ilemela, na wewe Mama Dorotea, ambaye familia haina neno la kukutosha.

Baba, ulisamehewa kabla hujaomba. Pumzika sasa, kwa amani.