Nafasi Moja kwenye Benchi la Mbele: Risala ya Watazamaji wa Tusekile

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, wachungaji na masheikh wetu, akina mama na akina baba wa Ngonga, mugonile.

Karibu

Mgeni rasmi, umekuja kwetu wakati barabara inateleza na mpunga umeinamisha vichwa. Tumeambiwa gari lako lilikwama pale darajani na ukashuka kusukuma pamoja na vijana. Ndaga fijo, asante sana. Mtu akisukuma gari kwenye tope letu, hawi mgeni tena, ni mtu wa hapa.

Leo tunafungua upya Ukumbi wa Sinema Tusekile. Kwa desturi, risala huhesabu mafanikio na kuomba misaada. Yetu itaomba pia, lakini ombi letu kubwa halieleweki bila kisa cha mwenzetu Atupele, mke wa marehemu Eliud. Tulimwomba akisimulie mwenyewe. Akasema, "Kisomeni ninyi. Mimi nikisimama, sauti itaniponyoka." Basi tunayosoma tuliyapata kinywani mwake, na mengine tuliyaona wenyewe.

Historia ya Tusekile

Ukumbi huu ulijengwa na Eliud kwa mabanzi na mabati, miaka mingi kabla ya korona. Filamu zilikuwa za Kikorea, za Kihindi, za Kichina, na sisi lugha hizo hatuzijui. Eliud alisimama kando ya runinga na kipaza sauti, akawapa wale watu maneno ya Kiswahili, na akina mama wenye hasira akawapa ya Kinyakyusa. Watu walitoka Makwale kwa baiskeli kuja kumsikia yeye, filamu ikawa kisingizio.

Alikuwa na neno lake. Mtu akichelewa na kusimama mlangoni akipapasa gizani, Eliud aliiacha filamu iendelee, akaita: "Sogeeni, sogeeni. Mpisheni fulani apate pa kukaa." Na alikuwa akimtaja kwa jina, hata kabla hajaonekana vizuri. Hatukujua anatutambuaje. Alisema anazijua hatua zetu.

Atupele alikaa nje ya pazia, mlangoni, akikaribisha watu. Katika miaka yote ile hakuwahi kutazama filamu hata moja hadi mwisho. Filamu kwake zilikuwa sauti ya mumewe ikipita kwenye kitambaa. Alicheka tulipocheka, akashtuka tuliposhtuka, na usiku akimuuliza Eliud yule dada wa filamu alivaaje, Eliud alimjibu, "Alivaa kama wewe."

Kufungwa kwa ukumbi

Mwaka wa korona, masika, mikusanyiko ilikatazwa na vibanda vyote vya video vikafungwa. Eliud alifunga mlango kwa kufuli, akaweka ndoo ya kunawia kizingitini, ingawa hapakuwa na wa kunawa. Hatukuzoea kukaa majumbani. Jioni zilikuwa ndefu, na mvua ilikuwa haisemi kitu kipya.

Kabla hatujajua tufanye nini, Eliud akaugua kifua. Walimpigisha nyungu, wakamfukiza kwa majani ya mwarobaini na michaichai, akasema anaona nafuu. Kulipokucha hakuwa na pumzi. Akazikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali. Sisi Wanyakyusa, mgeni rasmi, mtu akifa tunahamia kwake. Tunalala, tunapika, tunacheza ngoma, tunamlilia mpaka kaburi lenyewe lituchoke. Eliud alizikwa bila ngoma. Tulimlilia kila mmoja jikoni kwake.

Uchambuzi wa nyumbani

Siku hizo Husseini, mfanyabiashara wa Kasumulu, alikuwa bado hajapata habari. Yeye ndiye aliyempatia Eliud filamu mpya, alizozipata kwa madereva wa malori pale mpakani. Akaja na flashi mfukoni, akapiga hodi, akamkuta Atupele amefunga kitambaa cha msiba.

"Inna lillahi," akasema. "Shemeji, sikuambiwa. Basi ngoja nirudi nayo."

"Iache," akasema Atupele.

"Utaifanyia nini?"

"Nyumba iko kimya mno, shemeji. Iache iseme hata Kikorea."

Aliiweka kwenye runinga yao ndogo akatazama, kwa mara ya kwanza, filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa ya askari aliyerudi kutoka vitani akakuta mtu mwingine amevaa nguo zake na watoto wanamwita baba. Atupele hakuelewa neno, ila alielewa mambo yote. Ilipoisha akachukua simu, akaingia kwenye kundi letu la watazamaji, akatuma ujumbe wa sauti.

"Mugonile, ndugu. Ni mimi, mama wa mlangoni. Leo nimeona filamu. Yule mwanamke alijua tangu mwanzo kuwa yule si mumewe, mtazameni anavyompakulia: mume wako humpakulii ukimtazama usoni. Lakini walipopika wali ukaiva kabla ya maji kuchemka, hapo wametudanganya. Filamu nzuri, ila ina maji kuliko mchele."

Tuliusikiliza tukiwa tunaanika kakao, tukacheka kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Tukamwomba nyingine. Husseini akawa analeta flashi, anaziacha dirishani. Ndivyo tulivyoishi kipindi kile: sinema zimefungwa, na sisi tunaziona kwa masikio, kupitia macho ya mwanamke ambaye zamani alizisikia tu. Kama kuna mafanikio katika risala hii, ni hayo. Kuna mzee alituambia hakuvuka kizingiti cha nyumba yake msimu mzima, na alikuwa akimngoja Atupele kama mtu anayengoja dawa.

Sauti ya pili

Atupele alikuwa na tabia ya kuusikiliza ujumbe wake kabla ya kuutuma. Siku moja alichambua filamu ya msichana aliyepotea msituni. Mvua ilipiga bati. Alipousikiliza, akasikia mvua, akasikia sauti yake, na nyuma ya sauti yake, kwa mbali kama mtu aliye upande wa pili wa pazia, akasikia:

"Sogeeni, sogeeni. Mpisheni mzee Hezroni apate pa kukaa."

Aliiweka simu mezani. Anasema hakuogopa, na hilo ndilo linalomwogopesha hadi leo. Alifurahi. Akaifuta rekodi akarekodi upya, maneno yale yale, dirisha limefungwa. Sauti ilikuwepo tena, ikamtaja Hezroni tena.

Hezroni alikuwa jirani yake, mkulima wa ndizi, mtu wa utani. Asubuhi Atupele akaenda, akasimama nje ya ua.

"Tata, Eliud amekuita."

"Amekuita wewe au ameniita mimi?"

"Wewe. Anasema upishwe upate pa kukaa."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mwambie aniwekee mbele. Nyuma sioni vizuri."

Hakumaliza wiki ile. Walisema ni nimonia. Alizikwa upesi, watu wamesimama mbalimbali.

Mgeni rasmi, hatutaki kukudanganya. Ujumbe ule aliutuma kundini, na baada ya kifo cha Hezroni tuliurudia. Wengine wetu tulisikia sauti ya Eliud. Wengine walisikia mvua. Katika nyumba moja mume alisikia na mke hakusikia, wakanuniana hadi Jumapili.

Atupele aliacha kurekodi. Tukamsihi. Akasema, "Sirekodi tena. Anatumia mdomo wangu kuita watu." Lakini ukimya wa nyumba ulimshinda. Anasema alikaa siku nzima akiitazama simu, akijua kuwa ndani yake mna mume wake, na kwamba kumsikia lazima mtu alipe. Wakati wa machweo alirekodi uchambuzi mfupi kuliko yote. Wala hakuona filamu yoyote. Aliitunga tu, ili apate kusikiliza.

"Sogeeni, sogeeni," ikasema sauti. "Mpisheni Doreen apate pa kukaa."

Mchana wa ukumbini

Doreen ni dada yake Eliud, ameolewa Makwale. Yuko hapa leo, ameketi pale upande wa akina mama, amembeba mwanawe. Siku ile Atupele alimpigia simu.

"Wifi, uko salama?"

"Kifua tu, wifi. Kimeanza jana. Nimepiga nyungu lakini pumzi haishuki."

Ujumbe ule Atupele hakuutuma kwa mtu yeyote. Kulipokucha alikuja kwa katibu wetu Aliko, akamwambia, "Nisindikize ukumbini. Usiingie. Ukae tu mlangoni, nijue kuna mtu."

Ilikuwa saa za mchana, jua limetoka baada ya mvua nyingi. Mafuriko yalikuwa yameingia ukumbini na kutoka, yakaacha tope laini lililokauka likawa vumbi, sakafuni na juu ya mabenchi. Kufuli ilikuwa haijaguswa. Aliko alisimama mlangoni, na yeye ni shahidi wetu wa yafuatayo.

Mabenchi ya nyuma yalikuwa yamefunikwa na vumbi. Benchi la mbele lilikuwa safi. Halikufutwa kwa kitambaa. Liling'aa kama linavyong'aa benchi linalokaliwa kila siku, mbao zimelainishwa na nguo za watu. Na sakafuni, kutoka mlangoni hadi pale mbele, vumbi lilikuwa shwari. Hapakuwa na unyayo hata wa panya.

Mwishoni mwa benchi lile, upande wa ukutani, palibaki sehemu moja yenye vumbi. Upana wake ulikuwa wa mtu mmoja.

Atupele alitembea hadi mbele, nyayo zake zikawa za kwanza sakafuni. Akasimama mbele ya benchi kama mtu anayeomba kupita mbele ya magoti ya watu. Aliko anaapa kwamba alijibana na kupita upande upande, huku akisema, "Samahani. Samahani, tata. Samahani." Kisha akaketi penye vumbi.

Akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mke akimwambia mumewe chakula kiko mezani: "Pamejaa, Eliud. Nimekaa mimi. Doreen hana pa kukaa. Na mimi sifi leo, nina filamu ya kuchambua."

Halafu akangoja. Aliko naye akangoja. Anasema hewa ya ukumbi ilikuwa nzito na ya joto, kama inavyokuwa filamu ikifika patamu na watu wote wamezuia pumzi. Mara joto lile likatoka kwa kumpita pale mlangoni, mabegani, kama watu wanaotoka filamu ikiisha. Wengine, anasema, walimgusa.

Jioni ile Doreen aliomba uji. Kesho yake aliomba samaki.

Atupele alirudi nyumbani akaweka flashi, akatazama, akarekodi. Alipousikiliza ujumbe wake, akasikia sauti yake. Akaongeza sauti ya simu hadi mwisho. Akasikia mbuzi wa jirani. Hapo ndipo alipoanguka chini akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, na sisi tuliokuwa jirani tulikisikia, na hapo hatukujali amri. Tulikwenda. Tulikaa uani kwake, mbalimbali, tukalia naye. Kwa hesabu yetu, siku ile ndiyo alifiwa.

Changamoto

Tangu hapo ukumbi ulibaki umefungwa, hata marufuku ilipoondolewa na vibanda vingine vikafunguliwa. Paa liling'olewa na upepo. Vijana wetu wakahamia kutazama filamu kwenye simu, kila mtu na kioo chake, kila mtu na giza lake. Miaka imepita hivyo. Mwaka huu tumeamua inatosha. Tumejenga upya kwa matofali, na Atupele amekubali kushika kipaza sauti.

Maombi yetu kwako, mgeni rasmi

Umeme wetu unakatika mvua ikinyesha, na hapa mvua hainyeshi kwa kiasi. Utusaidie kwa wanaohusika.

Umetuletea viti vya plastiki, na maofisa wako wamependekeza mabenchi ya zamani yatolewe yote. Tumeshukuru kwa viti. Benchi moja tumelibakiza. Ni lile la mbele.

Tumeona pia kwamba kwa itifaki wasaidizi wako wamekuwekea nafasi ya heshima mwishoni mwa benchi hilo, upande wa ukutani, wakalitandika kitambaa cheupe. Tunakuomba kwa unyenyekevu usikae pale. Hatukunyimi heshima, tunakupenda, na tunataka urudi kwenu salama. Pale hukaa Atupele. Atatafsiri filamu akiwa ameketi, na hatainuka hadi mwisho.

Ombi la mwisho ni dogo. Taa zikizimwa, kabla filamu haijaanza, Atupele atauliza mara moja, "Kuna nafasi?" Hiyo sasa ni desturi ya nyumba hii. Tunaomba wewe na msafara wako, wenye vyeo na wasio navyo, mjibu pamoja nasi kwa sauti ya juu: "Pamejaa!" Msione haya. Juzi tulipojaribu mitambo tulikuwa wachache na tulichelewa kidogo kujibu, na mlangoni, nje ya pazia, kuna mtu alikohoa kama anayesubiri kukaribishwa.

Kyala akusaje, Mungu akubariki, mgeni rasmi, na akufikishe kwako na pumzi zako zote. Awape kivuli waliozikwa bila ngoma. Awape walio hai sauti ya kujibu.

Ni sisi,
Umoja wa Watazamaji wa Tusekile, Ngonga, Kyela.