Cephas Okombo, Aliyekawia Kujenga

Mzee tunayemrudisha udongoni leo, Cephas Okombo, alizaliwa hapa Karungu mwaka wa 1922, kitinda mimba wa mvuvi. Mama yake alisimulia kwamba alitoka kabla mkunga hajafika. Hiyo ndiyo haraka pekee aliyowahi kuwa nayo kwa jambo lake mwenyewe.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, karo ikaisha, akabatizwa mwaka wa 1938. Alitoka huko na Biblia na imani moja ngumu: kwamba mwajiri wa mtu ni mtihani wa Mungu. "Bwana wangu ako juu," alikuwa akisema, "lakini huyu wa hapa chini ndiye anaonyesha kama mimi namtii yule." Kaka zake walimcheka. Hakujali.

Mwaka wa 1947 aliajiriwa Homa Bay na Bwana Farah, mfanyabiashara wa ngozi, kwanza mpishi, baadaye mshika funguo za stoo. Waislamu na Mkristo waliishi ua mmoja bila ugomvi. Mwezi wa Ramadhani Cephas ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba nzima: Bi Asli, mke wa Farah, alimwita aonje chumvi ya mchuzi, kwa kuwa wenyewe wamefunga. Alionja, akatema, akasukutua. Hakula mchana mbele yao hata siku moja, ingawa hakuna aliyemkataza.

Mwaka wa 1950 alimwoa Awino, binti wa kisiwa cha Mfangano, nyar Mfangano kwa Kijaluo chetu, wakajaliwa Pamela na Dishon. Waliishi chumba cha nyuma ya stoo, katika harufu ya ngozi mbichi. Kila mavuno aliahidi kurudi Karungu kuanzisha boma lake, na kila mavuno kukawa na kazi ya Farah. Awino alichoka.

"Baba Pamela, hata kuku ako na mahali pake pa kulala. Sisi watatuzika kwa stoo ya watu?"

"Ngoja kidogo, nyar Mfangano. Mungu hajamaliza na mimi hapa."

Januari mwaka huu wa 1967 alipata likizo ya kujenga. Wazee walimpimia mahali, mashimo ya nguzo yakachimbwa. Ndipo habari ikaja kwamba mtu anayemnunulia Farah ngozi ameugua na ngozi zinaozea Bonde la Lambwe. Cephas alipanda baiskeli. Alizileta zote, lakini mbung'o walikuwa wamemuuma. Kufikia Pasaka alisinzia akiwa ameshika funguo za stoo, na hospitalini wakasema ni malale, yamekwisha kupanda kichwani.

Farah alimwinamia kitandani. "Cephas, nani alikutuma Lambwe? Mimi sikusema."

"Hakuna mtu. Mali ya mtu ukipewa ushike, hungoji kutumwa."

Farah alilia waziwazi, wauguzi wakitazama. Cephas alifariki Jumanne, tarehe 13 Juni.

Tusidanganyane: tumeumia, na wengine tumekasirika. Hatujui kama ni Mungu aliyemtaka aende Lambwe au ni ukaidi wake tu. Yeye hakuwa na shaka. Sisi tunayo.

Kwa mila zetu, mwanamume mwenye mke halazwi bomani bila nyumba. Kwa hiyo juzi na jana vijana walisimamisha hii mnayoiona, na Farah mwenyewe alikandika ukuta, suruali imekunjwa magotini, akakataa kuzuiwa. Udongo bado haujakauka. Jeneza lilipoingizwa, Awino aliketi kando yake, akaligusa, akasema, "Sasa umenileta kwangu, na mlango nimejifungulia mwenyewe."

Ameacha mjane, Awino; watoto, Pamela na Dishon; kaka wawili; pamoja na Bwana Farah, aliyeomba atajwe miongoni mwa wafiwa, na familia imekubali.

Apumzike kwa amani, mbele ya nyumba yake.