Tairi Lililolika Upande Mmoja

Treni ilipokaribia Dodoma, Mzee Optatus alikunja gazeti, maana benchi la mbele lilikuwa na habari zaidi. Kijana Parth alipakata tairi la pikipiki ya mashindano, na mama aliyeketi naye alikuwa akilipapasa.

"Barabarani lingemaliza mwaka," Parth alisema. "Uwanjani, mama, Jumapili nne tu limekwisha."

"Mbona huku kulia bado jipya?"

"Tunazunguka kwa kushoto tu. Nitaligeuza, linipe Jumapili nyingine nne."

"Na huu mshale ubavuni, si unaonyesha lizunguke wapi?"

"Huo ni ujanja wa wenye viwanda, mama. Wanataka tununue jingine."

Jibu lilikuwa na akili, Mzee Optatus aliwaza, kama majibu yote ya mtu asiyetaka kununua.

"Nauliza kwa sababu mwanangu Geofrey atakuwa na pikipiki yake nyuma yako Jumapili," mama alisema. "Tairi lililogeuzwa likikutelezesha, atakupitia juu."

Parth alicheka, kisha akautazama tena ule mshale. Treni ilisimama. Aliteremka akilisukuma tairi mbele yake, na Mzee Optatus akachungulia dirishani. Kila liliponyooshwa, lilipinda lenyewe kufuata upande uliolika. Mama Geofrey naye alikuwa amesimama kando yake dirishani, akiliangalia.